Tusi Liko Wapi? Hotuba ya Karani wa Mgodi kwa Watu wa Lweba

(Maneno haya yalisemwa siku ya Mungu, baada ya ibada, mbele ya wachimbaji na watu wa mji. Tumeyapiga chapa kama yalivyosemwa.)



Sikuja kuwahubiria. Ibada imekwisha, na mchungaji amefanya kazi yake vizuri. Mimi ni karani wa mzani tu. Kazi yangu ni kuandika: nani ameshuka shimoni, nani amepanda, mfuko wa nani umepimwa, na nani amegombana na nani. Nimeomba ruhusa ya wazee niseme leo juu ya neno moja, kwa sababu neno hilo nililiacha nje ya kitabu changu, na kesho kamati ya mgodi itakaa kumhukumu mtu kwa kukisoma kitabu hicho.

Habari yenyewe mnaijua, lakini mmeisikia kwa midomo mingi. Jumatatu iliyopita watu walikuwa kwenye foleni ya mzani. Wawili wakashindana juu ya nafasi. Mmoja ni kijana wetu, mzaliwa wa hapa ziwani. Wa pili ni Mrundi, mtu mzima mwenye watoto, aliyekuja wakati kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015, naye amechimba pamoja nasi miaka minne. Kijana wetu akamwambia, “Toka mbele yangu, wewe mkimbizi.” Watu wakacheka. Yule Mrundi akanyanyua mpini wa sururu akampiga kijana begani, mfupa ukavunjika.

Kapita akaniita niandike. Nikamwuliza, “Kwenye sababu niandike nini?” Akanijibu, “Andika bila sababu. Mkimbizi si tusi. Hata kwenye karatasi yake ya kambi wameandika mkimbizi.” Nami nikaandika hivyo hivyo: amempiga mwenzake bila sababu.

Nataka nieleweke tangu mwanzo. Mpini wa sururu si jibu la neno. Aliyevunja mfupa atalipa mfupa, na mtu asije akasema kesho kwamba karani alisimama Lweba kuwatetea wapigaji. Ninachouliza ni juu ya yale maneno mawili niliyoandika, “bila sababu.” Je, ni kweli?

Kapita si mjinga. Swali lake ni swali la mtu mwenye akili, na usiku ule nililala nalo. Kwenye karatasi, neno mkimbizi si tusi kabisa. Mataifa yaliliandika katika mkataba wa Geneva mwaka 1951, na nchi za Afrika zikaliandika upya katika mkataba wao wa Addis Ababa mwaka 1969, zikalipanua limhusu hata yule anayekimbia vita na machafuko katika nchi yake. Maana yake ni kwamba mtu huyu asirudishwe kwa nguvu kule alikokimbia hatari. Kwenye karatasi neno hilo ni mwavuli. Mama akiwa na watoto watatu na mvua inanyesha, hawezi kuukataa mwavuli kwa sababu ya rangi yake.

Lakini je, neno lililotoka mdomoni kwenye foleni ya mzani ni lile lile la kwenye karatasi? Herufi ni zile zile. Shuleni, kwa mapadri, mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa na kamusi nene, nasi tuliamini kwamba vyote vilivyomo ndani ya neno vimeandikwa mle. Ukitaka kujua neno, fungua ukurasa, soma, funga. Nilichukua miaka mingi kuiacha imani hiyo, na jambo la ajabu ni kwamba nilikuwa na ushahidi dhidi yake tangu utoto wangu.

Wengi wenu hapa ni mashahidi pamoja nami. Mwaka 1996, vita vilipotufikia, nilikuwa na miaka sita. Tulivuka ziwa usiku, mama amenifunga kwa kitenge mkononi mwake nisije nikaanguka majini. Tukafika Kigoma, na kutoka Kigoma tukapelekwa Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka ule ule. Nilikaa kule miaka kumi na mmoja. Wazee wengine wa hapa walikuwa wamekwisha kuvuka maji hayo hayo katika vita vya miaka ya 1964 na 1965, kwa hiyo kwao njia haikuwa ngeni.

Basi sikilizeni. Ndani ya kambi, sisi vijana tulikuwa na timu ya mpira, na jina tulilojipa wenyewe lilikuwa Wakimbizi. Tulilipenda jina hilo. Mkimbizi ni mtu anayekimbia, na sisi tulikimbia kuliko timu zote za kambi. Tulipofunga bao, mama zetu pembeni ya uwanja walipiga vigelegele, “Wakimbizi! Wakimbizi!” Na asubuhi penye bomba la maji utamsikia mama anamwita jirani yake, “We mkimbizi, umeamkaje, unga umebaki?” na yule anajibu, “Mkimbizi mwenzio umebaki wa leo tu.” Hapo hapana kilio wala ugomvi. Ni salamu ya watu wanaokula posho ya sahani moja.

Siku moja ikaja timu ya kijiji kucheza nasi. Tukawafunga mawili. Mtu mmoja wa kijiji, mtu mzima, akasimama pembeni akapaza sauti, “Hawa wakimbizi watakula mpaka mpira wetu!” Ndugu zangu, ni neno lile lile tulilolishona kwenye fulana zetu kwa uzi mwekundu. Mchezo ulikwisha pale. Mawe yalirushwa, na golikipa wetu ana alama kwenye paji la uso mpaka leo. Kwa nini? Kamusi isingeweza kutuambia. Mama penye bomba alipolisema, alikuwa analisema akiwa ndani ya neno pamoja nasi. Yule mtu alilisema akiwa nje, naye alikuwa na shamba, na kijiji, na nchi. Sisi tulikuwa na kibali cha kutembea kilomita 4 kutoka kambini na si zaidi, na mama zetu waliovuka mpaka huo kutafuta kuni walijua kilichowapata. Neno lilikuwa limebeba mambo hayo yote mgongoni.

Tukarudi. Kuanzia mwaka 2005 mashua kubwa zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mimi nilirudi 2007. Na hapa kwetu wenyewe, tulipokuwa tunatafuta viwanja vya baba zetu, wale waliobaki wakati wa vita walituita Watanzania. Walicheka Kiswahili chetu. “Sikiliza Mtanzania huyu anavyosema *ninakwenda*!” Mtanzania si tusi, kuna mamilioni ya watu wanaolitamka jina hilo kwa fahari. Lakini lilipotamkwa penye mpaka wa shamba la baba yangu, maana yake ilikuwa, “Hapa huna udongo.”

Nalisema hili kwa sababu ndilo linalonichoma. Kijana wetu aliyesema “wewe mkimbizi” Jumatatu, mama yake alikuwa Nyarugusu. Alikula posho ile. Tulilipokea neno ng'ambo ya ziwa likatuumiza, tukalipakia mashuani pamoja na masufuria yetu, tukavuka nalo, na tulipomwona mtu mwingine aliyevuka kuja kwetu, tukamvika.

Si mara ya kwanza neno kuvuka ziwa hili kwa namna hiyo. Wazee wa Baraka wanaijua habari ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo mpaka Tabora, mpaka Ujiji, ikavuka maji kuja pwani hizi za magharibi, ikaendelea mpaka Kasongo na Nyangwe kutafuta pembe na watu. Wenye misafara walijiita waungwana, na watu waliowakuta bara waliwaita washenzi. Sasa angalieni. Huko pwani, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na mshenzi alikuwa mtu wa bara yeyote asiye wa dini na desturi za pwani. Kwa hiyo wapagazi na askari wengi wa misafara hiyo, watu wa bara, wengine watumwa, kule pwani waliitwa washenzi wao wenyewe! Lakini walipovuka ziwa na kanzu zao na bunduki zao, wakawa waungwana, na washenzi wakawa babu zetu. Hata Kiswahili chetu cha Kongo kikaitwa Kingwana, kwa jina lao. Mtu mmoja, alikuwa mshenzi upande mmoja wa maji na mwungwana upande wa pili.

Wabelgiji walipokuja walilikuta neno hilo limekaa tayari, wakaliokota. Basenji wakawa watu wote wa vijijini. (Mtacheka: hata mbwa wetu wasiobweka, waliopelekwa Uingereza na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya London mwaka 1937, dunia nzima inawaita Basenji mpaka leo. Mbwa wanatunzwa kwenye nyumba nzuri na jina hilo wala hawaoni haya.) Kisha serikali ya kikoloni ikafanya ngazi. Mwaka 1948 ikaleta kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 ikaleta kadi ya juu zaidi, ili kumtenga mtu aliyeendelea, waliyemwita evolue, na wenzake. Kabla ya kuipata, nyumba ya mtu ilikaguliwa: je, anakula mezani, mke wake anakula pamoja naye, kuna vitabu? Patrice Lumumba mwenyewe alipitia mlango huo. Na kilichofuata ninyi wazee mnakijua kuliko mimi. Katika makambi ya wafanyakazi na katika miji, aliyekuwa na kadi, na hata aliyekuwa na kalamu tu mfukoni, alimwita ndugu yake wa kijijini msenji. Mzungu hakuhitaji tena kulisema. Sisi makarani tulimfanyia kazi hiyo bila mshahara wa ziada, na mimi karani sitaficha jambo hilo la ukoo wangu.

Tena katika siku hizo mtu mwenye mvi aliyepika jikoni kwa mzungu aliitwa boyi, yaani mtoto mwanamume. Mtoto akiitwa mtoto, nani atakasirika?

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni neno dogo kuliko yote. Katika Kifaransa kuna *tu* na kuna *vous*. Kamusi ya mwalimu wetu ilieleza vizuri: *tu* ni wewe, la kumwambia mtu mmoja uliyemzoea, *vous* ni la watu wengi, au la mtu mmoja unayemheshimu. Mfaransa humwambia mke wake *tu*, rafiki yake *tu*, mtoto wake *tu*. Ni neno la mapenzi. Basi tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, mjini Leopoldville, mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Lumumba aliposimama kueleza mateso ya watu wake, alitaja kazi ya kuchosha, alitaja mapigo, alitaja ardhi iliyonyang'anywa, na katikati ya mambo hayo mazito akalitaja neno *tu*. Alisema kwamba mtu mweusi aliambiwa *tu*, wala si kama rafiki, bali kwa sababu lile la heshima lilikuwa limewekwa kwa ajili ya wazungu peke yao. Neno la herufi mbili liliwekwa kwenye mzani mmoja na pigo la kiboko, na watu waliosikia redioni hawakushangaa. Walijua uzito wake kwa sababu walikuwa wamelibeba miaka yote.

Kama mtu angemwambia Lumumba siku ile, “Lakini bwana waziri mkuu, *tu* si tusi, fungua kamusi,” angekuwa amesema kweli kama alivyosema kweli kapita wetu.

Najua kuna kijana pale nyuma anasema moyoni: basi tumekwisha. Tusiongee, tusitaniane, kila neno ni tusi, twende shimoni tumefunga midomo kama wafu. Hapana. Mimi napenda utani, na mgodi bila utani usingevumilika hata siku moja. Tena katika nchi zetu utani ni sheria ya zamani yenye utaratibu wake. Kule Tanzania Wangoni na Wasukuma ni watani. Mngoni akimkuta Msukuma anaweza kumwita mtumwa wake, anaweza kumnyang'anya kofia, anaweza kumtania hata msibani mbele ya maiti. Mtu mgeni akiona atadhani damu itamwagika. Lakini wenyewe wanacheka, na mara nyingi mtani huyo huyo ndiye anayesaidia kazi za mazishi. Neno mtumwa, ambalo katika ziwa hili limebeba machozi mengi kuliko maneno mengine yote, kati yao limekuwa kama ugoro wa kupeana.

Kwa nini haliumi? Nimelifikiria sana jambo hili, nanyi mtaniambia kama nimekosea. Naona ni kwa sababu Msukuma anaweza kujibu. Akiitwa mtumwa, naye anageuka anamwita Mngoni mtumwa, na neno linarudi na uzito ule ule. Hakuna anayeogopa kufukuzwa, hakuna anayepoteza shamba, na wote wanaozunguka wanaijua desturi. Utani ni barabara ya kwenda na kurudi.

Sasa turudi kwenye foleni yetu. Kijana wetu akasema, “Wewe mkimbizi.” Yule Mrundi angejibu nini? Aseme, “Na wewe mkimbizi”? Watu wangecheka zaidi. Hapa Lweba hana neno linalorudi. Hana shamba, hana mjomba kwenye kamati, na kila mtu pale alijua kwamba mwenye shimo akitaka kupunguza watu, ataanza na wa kambini. Neno lile halikumwambia yeye ni nani, maana hilo analijua. Lilimwambia kwamba hata akifika mzani wa kwanza, atapima wa mwisho. Na kicheko cha watu kikatia muhuri.

Kijana mwenyewe nimemtembelea hospitali. Ameniambia kwa uaminifu, “Karani, sikumaanisha hivyo. Ni neno tu, hata rafiki zangu nawaita hivyo.” Namwamini kwamba hakulala akipanga ubaya. Lakini hapo tunafika penye swali gumu: maana ya neno ni ya nani? Ya aliyesema, au ya waliosikia?

Swali hilo limewahi kuulizwa mahakamani, si mbali na hapa, na kwa jambo zito mno. Sisemi kwamba kijana wetu anafanana na mtu nitakayemtaja, Mungu apishe mbali; nachukua tu namna majaji walivyofikiri. Kule Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre wa Taba huko Rwanda. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998, na ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Majaji walikuwa wageni wasiojua Kinyarwanda. Ilibidi wajue maana ya maneno kama Inkotanyi na Inyenzi. Ukifungua kamusi, Inyenzi ni mende, mdudu wa jikoni. Inkotanyi lilikuwa jina la kikosi cha askari wa mfalme Rwabugiri katika karne ya 19, baadaye likawa jina la wapiganaji walioingia mwaka 1990. Mdudu na askari wa mfalme, kosa liko wapi?

Mahakama ikamwita mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Rwanda, Mathias Ruzindana. Akawaeleza kwamba maneno hayo hayawezi kueleweka mpaka uyaweke mahali pake na wakati wake: yalisemwa lini, wapi, na watu walikuwa wamekwisha kusikia nini kabla ya hapo. Mende ya mwaka 1960 na kitu, wakati wakimbizi wenye silaha walipokuwa wanaingia nchini usiku, si mende ya redio ya mwaka 1994. Na juu ya mkutano wa tarehe 19 Aprili 1994, ambapo Akayesu aliwataka watu waungane kumwondoa adui mmoja, yule anayeshirikiana na Inkotanyi, majaji waliona kwamba watu waliokusanyika walilisikia kama agizo la kuwaua Watutsi, na kwamba yeye mwenyewe alijua watalisikia hivyo. Basi jibu lao halikuwa “maana ni ya aliyesikia” peke yake, kwa sababu mtu anaweza kusikia vibaya. Waliuliza msemaji alijua watu wake watasikia nini. Mwenye kuishi na watu anajua. Anayejua mto una mamba hawezi kumwambia mgeni aoge, kisha aseme, “Mimi nilisema maji tu.”

Wakenya nao wamejifunza kwa gharama. Madoadoa ni neno la nguo na la kuku. Lakini katika Bonde la Ufa, tangu ghasia za mwaka 1992, kuondoa madoadoa kulikuwa na maana ya kuwafukuza majirani wa kabila lingine, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100 nchini. Kwa hiyo Januari 2022, seneta Mithika Linturi aliposimama Eldoret akawataka watu waondoe madoadoa, alikamatwa na polisi. Akaeleza kwamba alikuwa na maana ya wagombea wa vyama vingine tu, akaomba radhi. Labda ndivyo alivyokuwa na maana. Lakini alikuwa Eldoret, si dukani kwa mshona nguo.

Katika milima yetu ya Fizi pia kuna maneno ya namna hiyo. Sitayataja hapa, mnayajua, na kila upande una yake kwa ajili ya upande wa pili. Nimeona mtu akilisema mojawapo penye pombe, na watu wazima wakihamisha viti vyao.

Nilisema nimekuja kwa ajili ya kitabu changu. Kesho saa tatu asubuhi kamati itakaa chini ya turubai la mzani. Adhabu ya kumpiga mtu kwa sababu ya ugomvi ni faini na gharama za hospitali. Adhabu ya kumpiga mtu bila sababu ni kufukuzwa mgodini moja kwa moja. Maneno yangu mawili yanamfukuza baba wa watoto wanne, na niliyaandika kwa sababu kapita alicheka na mimi sikutaka kuonekana mjinga.

Katika kitabu cha mzani hairuhusiwi kufuta. Karani akikosea, hupiga mstari mmoja mwembamba ili maandishi ya kwanza yaendelee kusomeka, huandika juu yake, na hutia sahihi. Kesho nitapiga mstari juu ya “bila sababu.” Juu yake nitaandika neno lililosemwa, na aliyelisema, na kwamba foleni ilicheka. Mfupa utabaki umeandikwa pale pale, na gharama yake kwa yule yule. Kapita amekwisha kuniambia kwamba karani mmoja hawezi kubadili kitabu kwa neno lake peke yake, nami nakubali, sheria ni hiyo. Panatakiwa mashahidi wawili waliokuwepo.

Mliokuwa kwenye foleni ile mlikuwa watu kama kumi na tano, na naona sura zenu saba au nane hapa mbele yangu. Sitawataja. Sikuwaona wote waliocheka, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye kitabu nikitabasamu. Nitaliandika hilo pia. Wawili wakija kabla ya saa tatu, watanikuta mzanini tangu alfajiri, na kalamu ninayo.